Kwa Nini Intaneti Hupungua Kasi Jioni, na Mtoa Huduma Hufanya Nini Saa Hizo

Msomaji anauliza: "Nimelipia kifurushi cha faiba cha megabiti 50 kwa sekunde. Asubuhi na mchana napata kasi yote, lakini kuanzia saa 1 jioni hadi karibu saa 5 usiku video zinazunguka tu na simu za video zinakatika. Huduma kwa wateja wananiambia kwamba kampuni 'inasimamia msongamano' saa za matumizi makubwa. Je, wananipunguzia kasi makusudi, au ndivyo mtandao ulivyo? Na nitajuaje?"

Inawezekana kabisa kwamba hakuna mtu aliyekupunguzia kasi, na bado kosa likawa la mtoa huduma wako. Maneno "tunasimamia msongamano" hufunika kazi mbili tofauti ambazo mteja hana budi kuzitenganisha. Ipo kazi inayofanywa miezi kadhaa kabla ya jioni hiyo kufika, yaani kupanga uwezo wa njia na kusogeza maudhui karibu na wateja. Na ipo kazi inayofanywa jioni yenyewe, sekunde kwa sekunde, ambayo kwa kweli ni kugawana upungufu uliokwisha kuwapo. Ya kwanza ndiyo huamua kama utapata kasi uliyolipia. Ya pili huamua tu nani aumie, na aumie kwa kiasi gani. Mteja anayeihisi hii ya pili kila siku saa zile zile, basi kwa kawaida anahisi matokeo ya ile ya kwanza kutofanywa ipasavyo.

Tuanze na jambo ambalo matangazo ya biashara hulinyamazia. Hakuna mtoa huduma wa intaneti ya nyumbani anayejenga mtandao ambao wateja wake wote wataweza kutumia kasi yao yote kwa wakati mmoja. Mwenye wateja 1,000 wa megabiti 50 hajengi njia ya gigabiti 50. Hujenga njia ndogo zaidi, akitegemea ukweli kwamba watu hawatumii kwa pamoja, na kwamba hata anayetumia hatumii mfululizo. Ukifungua ukurasa wa habari, laini yako hushughulika kwa sekunde moja au mbili, kisha hutulia wakati unasoma. Video ya ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde, wala si 50, na hata hizo huja kwa vipande: programu huvuta kipande cha sekunde chache, hunyamaza, kisha huvuta kingine. Hesabu za namna hii zina umri mkubwa kuliko intaneti yenyewe. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha mwaka 1909 kwamba simu zinazopigwa na watu wengi wasiopangana hufuata kanuni za uwezekano, na mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria idadi ya laini zinazotosha ili ni wachache tu wakose nafasi.

Kwa hiyo kugawana peke yake si ulaghai. Swali ni uwiano. Enzi za ADSL (intaneti ya kupitia nyaya za simu) nchini Uingereza uwiano uliotajwa waziwazi ulikuwa 50 kwa 1 kwa nyumba na 20 kwa 1 kwa ofisi, na watu waliuvumilia kwa kuwa walikuwa wakisoma barua pepe na kurasa za maandishi. Video ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo, na si kwa ukubwa wake tu. Fomula za Erlang husimama juu ya sharti kwamba watumiaji hawategemeani. Jioni, ingawa hakuna aliyeafikiana na mwenzake, nyumba nzima nzima hukaa mbele ya skrini katika saa zile zile, na kila moja huishikilia laini kwa saa moja au mbili bila kuiachia. Ndiyo sababu mamlaka za Marekani zinazopima kasi ya intaneti za nyumbani huhesabu saa za kilele kuwa ni kati ya saa 1 jioni na saa 5 usiku, siku za kazi. Dirisha hilo ni lile lile ulilolitaja wewe, na hilo tayari ni dalili.

Sasa, njia hiyo hubanwa wapi hasa? Katika mfumo wa faiba unaotumika zaidi majumbani, uitwao GPON, uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa kwa kigawanyio cha mwanga kisichotumia umeme na kuhudumia nyumba 32 au 64. Uzi huo hubeba gigabiti 2.488 kwa sekunde kuelekea kwa wateja na gigabiti 1.244 kutoka kwao. Ukigawa gigabiti 2.488 kwa nyumba 32, kila nyumba inapata takriban megabiti 78 hata kama zote zinavuta kwa nguvu zote katika sekunde moja. Kwa nyumba 64 ni karibu megabiti 39. Maana yake ni kwamba, kwa kifurushi cha megabiti 50, uzi wa mtaani si rahisi kuwa ndio unaokutesa, labda uwe umegawanywa kupita kiasi au una mteja aliyeuziwa gigabiti nzima na kuitumia mchana na usiku.

Mshukiwa wangu wa kwanza huwa hatua inayofuata. Mtambo wa kituoni unaopokea nyuzi hizo unaweza kuwa na milango 16, kila mmoja ukiwa na uzi wake, na jumla ya uwezo wake kuelekea wateja ikakaribia gigabiti 40. Lakini kiungo kinachoutoa mtambo huo kwenda kwenye uti wa mgongo wa mtandao kinaweza kuwa cha gigabiti 10 tu. Kikiwa hivyo, megabiti 50 zako zinakufikia bila shida saa 4 asubuhi, na saa 3 usiku zinakutana na foleni mlangoni mwa kituo, mahali ambapo wewe huwezi kupaona na ambapo kupanuliwa kwake ni suala la mhandisi kubadilisha moduli ya mwanga au kuongeza kiungo cha pili sambamba na cha kwanza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wateja wengi hudhani tatizo la jioni ni kubwa kama bahari, kumbe mara nyingi ni kiungo kimoja ambacho bajeti yake haijaidhinishwa.

Kinachofanya viungo vya aina hiyo viachwe vijae ni kwamba takwimu za wasimamizi zinaweza kuwadanganya. Vifaa vya mtandao kwa desturi huripoti wastani wa dakika 5. Kiungo kinachoonyesha asilimia 80 kwa wastani wa dakika 5 kinaweza kuwa kilijaa kabisa kwa sekunde kadhaa mara nyingi ndani ya dakika hizo, na pakiti (vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo) zikatupwa, ilhali grafu ya ofisini inapendeza. Mtoa huduma makini haangoji asilimia 100; huagiza upanuzi mapema, wakati kilele cha jioni bado kimeacha nafasi ya kutosha, kwa kuwa kuagiza vifaa, kupata kibali na kuunganisha huchukua wiki au miezi, na trafiki, yaani data inayopita mtandaoni, haingoji.

Yapo pia mambo ya fedha ambayo hueleza tabia nyingi za watoa huduma. Anayenunua uwezo kutoka kwa mtoa huduma mkubwa zaidi mara nyingi hulipa kwa kanuni ya asilimia 95: matumizi hupimwa kila baada ya dakika 5, mwezi wa siku 30 hutoa vipimo 8,640, vipimo 432 vya juu kabisa hutupwa, na kinachobaki juu ndicho kinacholipiwa. Vipimo 432 ni sawa na saa 36. Kilele cha saa nne kila jioni ni saa 120 kwa mwezi, kwa hiyo hakiwezi kujificha ndani ya zile 36 zinazosamehewa, na ankara ya mwezi mzima hupangwa na jioni. Usiku wa manane uwezo huo huo uliokwisha kulipiwa hukaa bure, na ndiyo maana vifurushi vya usiku huuzwa kwa bei ya chini: mtoa huduma hapotezi chochote, na kila kazi ya kupakua inayohamia saa 8 usiku ni nafuu kwake saa 3 usiku.

Njia bora zaidi ya kupunguza kilele, kwa maoni yangu, ni ile ambayo mteja haioni kabisa: kuyaleta maudhui ndani ya mtandao wa mtoa huduma. Akamai, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyoufanya mtindo huu kuwa biashara kubwa. Google ina seva zake inazoziweka kwa watoa huduma, na Netflix ilitangaza mpango wake wa Open Connect mwaka 2012. Seva hujazwa filamu saa ambazo mtandao umelala, kisha jioni watu elfu kadhaa huangalia kutoka kwenye seva iliyo kituoni badala ya kila mmoja kuivuta filamu ile ile kutoka ng'ambo. Vituo vya kubadilishana trafiki, kama vile DE-CIX cha Frankfurt na AMS-IX cha Amsterdam, hufanya kazi ya jirani na hiyo kwa kuzikutanisha mitandao bila kupitia kwa wakala wa tatu.

Faida ya ukaribu haiishii kwenye kuokoa njia za mbali. Itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya data, huongeza kasi kila inapopata uthibitisho kwamba pakiti zimefika, na huipunguza pakiti zinapopotea. Umbali na upotevu kwa pamoja huweka dari. Kwa kanuni ya TCP ya zamani, ikiwa pakiti moja kati ya 100 inapotea na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 100, muunganisho mmoja haupiti takriban megabiti 1.4 kwa sekunde, hata kama umelipia megabiti 50 au 500. Safari hiyo ikiwa ya milisekunde 10, kwa upotevu ule ule, dari hupanda hadi megabiti 14. Kanuni mpya zaidi, kama BBR iliyotolewa na Google mwaka 2016, hazivunjiki moyo haraka namna hiyo. Hata hivyo mantiki inabaki, na inaeleza kwa nini jioni ile ile video iliyohifadhiwa karibu inaweza kwenda vizuri wakati tovuti ya mbali inajikokota.

Tufike sasa kwenye jioni yenyewe. Pakiti zinapofika kwenye kiungo kwa kasi kuliko kinavyoweza kuzitoa, hupangwa foleni katika kumbukumbu ya ruta, na foleni ikijaa pakiti mpya hutupwa. Neno "hutupwa" huwatisha watu, lakini pakiti iliyotupwa ndiyo ishara inayomwambia mtumaji apunguze mwendo. Mtandao uliwahi kuonja hali ya kukosa nidhamu hiyo: Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizo mita mia chache tu kutoka moja hadi nyingine, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, kwa sababu kila kompyuta iliyoona ukimya ilituma tena na tena kile ambacho tayari kilikuwa kwenye foleni. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichapisha dawa yake mwaka 1988, na kila unapoona kasi ikishuka taratibu jioni badala ya mtandao mzima kuzimika, unaona matokeo ya kazi hiyo.

Foleni ndefu nayo ina madhara yake, na hapa ndipo simu zako za video zinapoingia. Kumbukumbu ilipokuwa rahisi kununua, watengenezaji waliweka foleni kubwa wakidhani kutotupa pakiti ni wema. Fikiria foleni ya megabaiti 1 mbele ya kiungo cha megabiti 8 kwa sekunde: megabaiti 1 ni megabiti 8, kwa hiyo pakiti inayoingia mkiani itasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka. Kwa kupakua faili hilo si kitu. Kwa mazungumzo, sekunde moja ni sawa na kukatwa kauli. Jim Gettys, mtaalamu wa programu za kompyuta, ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa kanuni ya CoDel, ambayo haiangalii foleni ina pakiti ngapi bali pakiti imesubiri kwa muda gani: kusubiri kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, ruta huanza kutupa pakiti moja moja ili watumaji wapunguze mwendo. Toleo lake linalotenganisha mitiririko, FQ-CoDel, huipa pia simu ya video nafasi yake badala ya kuifunika kwa faili kubwa linalopakuliwa na mtu mwingine. Ruta nyingi za nyumbani zenye programu mpya zinayo, na mara nyingi imezimwa.

Juu ya foleni huja vipaumbele. Kila pakiti ina biti sita zinazoweza kuonyesha daraja lake, utaratibu uliowekwa mwaka 1998, na mtoa huduma anaweza kuamua kwamba sauti ya simu zake mwenyewe, runinga yake ya faiba au laini za makampuni zitoke kwanza, na trafiki ya kawaida ya nyumbani ingoje. Tatizo ni kwamba kipaumbele hakizalishi megabiti hata moja. Kinachopewa mmoja kimetolewa kwa mwingine, na katika kiungo kilichojaa kila jioni anayetolewa ni yule yule.

Kisha kuna kubana kasi kwa sera. Kifaa kinachofanya kazi hiyo hufanana na ndoo inayojazwa matone kwa mwendo usiobadilika: kila pakiti inayopita huchukua matone kulingana na ukubwa wake, na ndoo ikiwa tupu, pakiti hungojeshwa au hutupwa. Ndivyo kifurushi chako cha megabiti 50 kinavyobakizwa kuwa cha 50, na hakuna ubaya hapo. Ndoo hiyo hiyo hutumika kukushusha hadi megabiti 1 au 2 ukivuka kiwango cha "matumizi ya haki", au kubana aina fulani ya trafiki. Mfano ulio wazi ni Binge On ya T-Mobile nchini Marekani, ya Novemba 2015, ambayo ilibana video za wateja hadi takriban megabiti 1.5 kwa sekunde ili zionekane kwa ubora wa DVD, bila kujali kama mnara ulikuwa na nafasi au la.

Kisa cha Comcast kinafaa kuelezwa kwa urefu kidogo kwa sababu kampuni moja ilijaribu njia zote mbili, mbaya na nzuri. Mwaka 2007 iligundulika kwamba ilikuwa ikituma pakiti bandia za kukata muunganisho kati ya watumiaji wa BitTorrent (njia ya watu kubadilishana mafaili moja kwa moja), kana kwamba ni mmoja wao aliyekata. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba hilo halikubaliki. Mahakama ilitengua uamuzi huo mwaka 2010 kwa hoja ya mamlaka ya kisheria, lakini kufikia hapo kampuni ilikuwa imekwisha kubadili mbinu. Mfumo mpya, ulioelezwa hadharani katika waraka wa kiufundi RFC 6057 wa Desemba 2010, haukujali unatumia programu gani. Uliuliza maswali mawili tu. Je, kiungo cha eneo lako kimepita asilimia 80 kuelekea kwa wateja, au 70 kutoka kwao, kwa dakika 15? Na kama ndiyo, ni nani ametumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi aliyouziwa kwa dakika 15 hizo? Huyo aliwekwa daraja la chini, si kwa kuwekewa dari, bali kwa pakiti zake kutoka baada ya za wengine pale tu penye msongamano, na alirudishwa matumizi yake yaliposhuka chini ya asilimia 50. Ukitaka kujua usimamizi wa haki unafananaje, naona huo ni mfano mzuri: una kizingiti kinachojulikana, una mwisho, na hauchunguzi unachoangalia.

Kwa wanaotumia intaneti ya simu hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa kinachogawanywa mnarani ni muda wa masafa. Mteja aliye mbali au nyuma ya kuta nene hutumia muda mwingi zaidi kupata data ile ile, kwa hiyo huchelewesha wengine bila kujua. Kuongeza uwezo huko ni kuongeza masafa, seli au minara, na hakuna linalofanyika kwa kubadilisha moduli moja.

Sheria katika nchi nyingi huruhusu usimamizi wa msongamano kwa masharti. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2120 inataka hatua ziwe wazi, zilingane na tatizo, zisibague kwa sababu za kibiashara, na zisiendelee kuliko inavyohitajika. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ningekikazia: msongamano unaorudi kila jioni kwa miezi si dharura. Dharura ilikuwa Machi 2020, wakati wa janga la korona, pale Kamishna wa Ulaya Thierry Breton alipoomba huduma za video zipunguze mzigo. Netflix ikashusha viwango vyake Ulaya kwa siku 30 ili kupunguza trafiki yake kwa asilimia 25, na YouTube ikaanza kuonyesha video kwa ubora wa kawaida isipokuwa mtazamaji abadilishe mwenyewe.

Sasa tujibu sehemu ya pili ya swali lako. Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, ondoa Wi-Fi kwenye hesabu. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, na jioni ruta za majirani zako zote zinafanya kazi kama yako, kwa hiyo Wi-Fi iliyosongwa huiga kikamilifu msongamano wa mtoa huduma, saa zile zile na dalili zile zile. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, hakikisha hakuna kifaa kingine kinachopakua, kisha pima saa 4 asubuhi na saa 3 usiku kwa siku kadhaa, ukiandika kasi na muda wa pakiti kwenda na kurudi.

Pima kwa hatua. Tuma ping (pakiti ndogo ya kupima muda wa kwenda na kurudi) kwa ruta yako mwenyewe, halafu kwa kifaa cha kwanza cha mtoa huduma kinachoonekana ukiendesha traceroute (programu inayoorodhesha vifaa ambavyo data yako hupitia), halafu kwa seva iliyo mbali. Ikiwa kwenye ruta ni milisekunde 1 na kwenye kifaa cha kwanza cha mtoa huduma ni 5 asubuhi lakini 60 au 90 usiku, foleni iko kati ya nyumba yako na kituo, au mlangoni mwa kituo. Lakini usiitegemee namba ya kifaa hicho kimoja ikiwa vifaa vinavyofuata vinajibu haraka, kwa sababu ruta nyingi huchelewa kujibu ping kwa makusudi huku zikipitisha data yako bila kuchelewa. Kuchelewa kwa kweli huonekana kwenye hatua hiyo na katika zote zilizo mbele yake. Ikiwa hatua za ndani ya mtandao wa mtoa huduma ziko sawa na kuchelewa kunaanzia pale unapotoka kwenda mtandao mwingine, tatizo ni kiungo baina ya kampuni mbili, na hilo linaweza kuwa mgogoro wa nani alipe. Wateja wa Comcast waliona Netflix ikizorota kwa miezi hadi kampuni hizo mbili zilipoafikiana Februari 2014.

Umbo la kupungua kwa kasi nalo linasema mengi. Msongamano hutikisika: megabiti 18, kisha 7, kisha 25, huku ping ikipanda na kushuka, na kila huduma ikiathirika. Kubana kwa sera hunyooka kama rula: kasi hukwama kwenye namba kamili, tuseme megabiti 2, ping ikiwa tulivu mradi hujazi laini, na mara nyingi haijali saa bali kiasi ulichotumia, kisha hutoweka siku kifurushi kinapoanza upya. Ikiwa ni video tu inayokwama, linganisha kipimo cha kawaida na fast.com, ambacho hupima kutoka seva za Netflix zenyewe, na jaribu programu ya Wehe ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, iliyotengenezwa kubaini kama mtandao unabagua huduma. Wengine hujaribu VPN, huduma inayopitisha data yako kwa siri ili mtoa huduma asijue unaangalia nini. Video ikienda vizuri zaidi ndani ya VPN saa ile ile, ama inabanwa kwa jina lake, ama VPN imepita njia isiyojaa, kwa hiyo usitoe hukumu kwa kipimo hicho peke yake. Nakutahadharisha pia na vipimo vya kasi ambavyo seva yake imo ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako: hupima kipande cha njia ambacho si lazima kiwe ndicho kilichojaa.

Kwa maelezo uliyotoa, yaani kasi kamili mchana, dalili zinazofuata saa, na simu za video kuathirika pamoja na video za kawaida, ningeweka dau kwenye kiungo cha kituo kilichojaa, Wi-Fi ikiwa imeondolewa kwenye hesabu. Wakati unangoja, washa usimamizi wa foleni katika ruta yako kama unao, ukijua kwamba husaidia foleni inapokuwa upande wako na hauwezi kufupisha iliyo kituoni. Na hamishia masasisho ya kompyuta na michezo usiku wa manane. Kisha mwandikie mtoa huduma, usipige simu. Ambatisha jedwali la vipimo vya asubuhi na usiku vilivyopimwa kwa waya, pamoja na traceroute ya nyakati zote mbili, na uulize mambo matatu: kiungo cha kituo kinachonihudumia hufikia asilimia ngapi saa za kilele, je, kifurushi changu kina sera yoyote ya kushusha kasi au kipaumbele, na kizingiti chake ni kipi, na upanuzi umepangwa tarehe gani. Anayepokea barua ya namna hiyo katika dawati la huduma hana jibu la kusoma kwenye karatasi yake, hivyo huipeleka kwa wahandisi, nao wanaweza kufungua grafu ya kiungo hicho kwa dakika moja. Wakikupa tarehe, rudia vipimo vyote wiki moja baada yake, ukiwemo usiku wa Jumapili, saa zile zile ulizopima mwanzo.